Mtu mzima ni nani?

Kwetu Bunyakiri mambo ya choo hayasemwi barzani. Mtoto anafundishwa mapema: ukienda nyuma ya nyumba, usitangaze, ukirudi, usieleze. Mbele ya wakwe ndiyo zaidi. Desturi hii ya haya ni nzuri, na mimi kama mwalimu ninaitetea. Lakini kuna siku inatuletea swali gumu: je, haya iliwekwa ili imchunge mtu, ao mtu aliwekwa ili aichunge haya?

Swali hili liliingia mu nyumba yetu kupitia baba yangu mdogo. Miezi mingi alikuwa akiona damu kila akienda choo, na akitoka huko alisikia kama hajamaliza. Hakusema kitu. Alikunywa dawa za amiba, kisha majani ya bawasiri. Alipokubali mwishowe kushuka Bukavu, munganga alimpima kwa kidole, na mara moja akagusa kile ambacho haya ilikuwa imekificha. Walikata kipande kidogo, wakakipeleka kupimwa. Ilikuwa kansere, mwisho kabisa wa utumbo mkubwa.

Munganga alimweleza wazi. Uvimbe ukikaa juu kidogo, mara nyingi unaondolewa na utumbo unaungwa tena. Ukikaa chini sana, karibu na misuli inayofunga njia, inafaa kuondoa vyote na kushona mlango ule. Hapo utumbo unatolewa upande wa tumbo, na choo kinaingia katika mfuko uliobandikwa juu ya ngozi, mpaka mwisho wa maisha. Upasuaji huu si jambo la jana: Ernest Miles, munganga wa London, aliueleza tangu 1908. Lakini kwa baba mdogo munganga hakuahidi lolote. Pengine wataunga, pengine hapana.

Jamaa tukakutana. Baba mdogo akasema: « Heri nikufe muzima kuliko kuishi na mavi ku tumbo. » Wazee wengi waliitika kwa kichwa.

Ndugu msomaji, tusiwacheke wazee. Wana sababu zao. Kuna harufu, kuna maji ya kuchota, kuna feza za mifuko ambayo haipatikani ku soko ya Bulambika. Kuna pia mambo ya mume na mke, kwani upasuaji huu unaweza kupunguza nguvu za mwanaume. Anayesema hayo yote ni madogo, hayamhusu.

Lakini tuliangalie lile neno, muzima. Katika Kiswahili chetu lina maana tatu. Ni kitu kisichokatwa. Ni mtu anayeishi. Na tena tunasema mtu mzima, yule aliyekomaa, anayeweza kukabiziwa mambo ya jamaa. Baba mdogo alishika maana ya kwanza, akaacha ya pili, kwani hakuna anayekufa akiwa mzima. Na ile ya tatu? Sisi wote tumeona wazee vipofu, na wengine waliokatwa mguu, wakikata maneno ya watu barzani. Kiti chao hakikuondolewa. Mababu hawakuhesabu viungo vya mtu. Walipima uzito wa neno lake.

Mtu atasema: mguu si sawa na choo. Ni kweli, mguu hauna haya. Basi tuchukue mfano wa karibu zaidi. Mwezi wa tano 1980 Papa Yoane Paulo II alitembelea inchi yetu, wakati ule Zaïre. Mwaka uliofuata, tarehe 13 mwezi wa tano, alipigwa risasi ya tumbo kule Roma. Wanganga walimfungulia njia ya choo upande wa tumbo, akakaa nayo mpaka mwezi wa nane walipoifunga. Yake ilifungwa, ya wengine haifungwi, ninajua. Lakini katika miezi ile nani alisema kwamba si Papa tena? Na 1985 alirudi Kinshasa, watu wakamshangilia.

Hata mfuko wenyewe ulitoka katika undugu. Huko Denmark, 1954, muuguzi Elise Sørensen alimwona dada yake Thora, aliyepasuliwa hivyo, akiogopa kutoka kati ya watu. Hakumwambia avumilie, wala hakumficha. Alifikiri mpaka akapata wazo la mfuko wa plastiki wenye kunata juu ya ngozi. Haya ya dada ilikuwa kazi ya ndugu yake.

Na sisi wa Kivu hatuna haki ya kusema hatujui. Wakati wa vita na hata baadaye, wanawake waliotokwa na mkojo ao choo bila kujizuia walifukuzwa na waume, wakalala peke yao. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa 1999, iliwapokea kwa wingi. Tulipiga makofi Docteur Mukwege alipopata tuzo ya Nobel 2018. Makofi yale yalikuwa ya nini, kama leo tunaziba pua mbele ya ndugu yetu?

Sisemi kwamba mgonjwa analazimishwa. Mwili ni wake, na yeye ndiye atakayelala juu ya meza ile. Aelezwe ukweli wote, hata ule mchungu. Kumficha ni kumfanya mtoto. Akiisha kupima maumivu, hatari na feza, akakataa, tumheshimu na kumtunza mpaka mwisho. Lakini akikataa kwa sababu anaogopa kicheko chetu, kukataa kule si kwake. Ni sisi tumekataa kwa kinywa chake, na kifo chake kitatuulizwa.

Usiku ule baba mdogo alinyamaza sana. Kisha akauliza: « Nikikubali, siku nitarudia hapa, mutanikalisha fasi gani? » Tulitazamana. Hakuna aliyejibu upesi, na kimya kile kilinifundisha kwamba mgonjwa hakuwa yeye peke yake.

Wa kwanza kusema alikuwa mke wake: « Fasi yako ni ile ile. Maji nitachota. » Kaka yake mkubwa akaongeza kwamba jamaa itachangia mifuko. Baba mdogo hakushukuru, alisema tu kwamba ataenda. Sasa anangoja siku ya kupasuliwa, na bado hajui ataamka na nini ku tumbo.

Yeye amefanya ya mtu mzima. Imebaki sisi.