Je, Pete Ikitolewa, Kiasi Kitabaki?



Katika darsa yetu ya hapa Nyeri, ambayo hukutana baada ya sala ya Isha kila usiku wa kuamkia Ijumaa, tuliletewa suali ambalo hatukulitazamia. Aliyelileta ni dada mmoja mwenzetu, mama wa watoto wanne, ambaye miaka kadhaa iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kuvishwa pete tumboni ili apungue unene. Upasuaji ule ulimfaa. Uzito ulipungua, sukari ya damu ilishuka, na magoti yaliyokuwa yakimzuia kusujudu yakapata nafuu. Sasa daktari amemwambia kwamba pete imehama mahali pake na hapana budi itolewe. Akatuuliza hivi:

"Ndugu zangu, siku zote mwasema kwamba kula kwa kiasi ni tabia njema. Mimi nimekula kwa kiasi miaka hii yote kwa sababu nimefungwa. Je, tabia hiyo ilikuwa yangu au ya pete? Na pete ikitolewa, mimi nitabaki na nini?"

Hatukuweza kumjibu usiku ule. Na yatupasa tukiri sababu. Kabla ya yeye kuuliza, baadhi yetu tulikuwa tumekwisha kumhukumu. Wako waliosema kwamba ameshindwa kuizuia nafsi yake, basi akaenda kununua kizuizi. Wako waliosema kwamba amebadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hapana aliyemwambia hayo usoni, lakini maneno yana miguu, nayo yalimfikia. Kwa hivyo jibu hili ni deni juu yetu, na twaliandika hapa ili na ndugu zetu wa Karatina, Nanyuki, Embu na Meru walipime pamoja nasi.

Kwanza yafaa tujue pete hiyo ni kitu gani, maana wengi huzungumza juu yake bila ya kuijua. Ni mkanda laini wa silikoni unaozungushwa sehemu ya juu ya tumbo la chakula, ukaliacha juu yake kijifuko kidogo chenye kuingia kiasi cha vijiko viwili vya mezani. Chini ya ngozi huwekwa kijisanduku kilichounganishwa na mkanda kwa mpira mwembamba, na daktari hutia humo maji ya chumvi kwa sindano ili kuukaza, au huyatoa ili kuulegeza. Hakuna kiungo kinachokatwa. Pete za namna hii zilianza kutumika katika miaka ya 1980, na tangu mwaka 1993 zimekuwa zikivishwa kupitia matundu madogo bila ya kulipasua tumbo lote. Tangu miaka ya 2010 madaktari wengi wameziacha na kuchagua upasuaji wa kupunguza tumbo lenyewe, kwa sababu pete nyingi baada ya miaka huteleza, au hula ukuta wa tumbo, zikalazimu kutolewa. Hayo ndiyo yaliyomfika dada yetu, wala si adhabu ya kosa lolote.

Ama hoja ya kubadilisha maumbile, hatuoni kwamba yahitaji maneno mengi. Anayekatwa kidole chenye donda ili mwili upone hasemwi kuwa amebadilisha maumbile. Unene uliokwisha kuleta sukari, shinikizo la damu na magoti yasiyobeba ni ugonjwa, na ugonjwa hutafutiwa dawa. Lau angalifanya kwa ajili ya kioo na sifa za watu tungekuwa na jingine la kusema, lakini hakufanya kwa ajili hiyo.

Hoja nzito ni ile ya pili, kwamba kiasi chake hakikuwa chake. Hapa ndipo twaomba msomaji atulie nasi.

Aliyedhani kwamba mwenye pete hakai na kazi yoyote, na amtazame akila. Majuma ya mwanzo baada ya upasuaji hunywa vitu vya majimaji tu, kisha vilivyopondwa, kisha vilivyo laini, hata baada ya kama mwezi na nusu ndipo arudie chakula cha kawaida. Na hicho cha kawaida si kile alichokizoea. Hukata tonge ndogo, hutafuna mpaka chakula kiwe kama uji, huweka kijiko chini, hungoja. Sahani ndogo humchukua nusu saa. Hanywi maji pamoja na chakula. Hunywa kabla, au hukaa muda baada ya kula ndipo anywe. Ugali unaonata, mkate laini, wali ulioshikana na nyama yenye nyuzi humkwama kifuani kwa maumivu makali, na mara nyingi hurudi. Mukimo ulioachwa laini hupita, lakini githeri yenye mahindi magumu ya kwetu humshinda. Akipuuza ishara ya shibe kwa tonge moja tu, hujuta.

Lakini pia pete haizuii kila kitu. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi, soda, aiskrimu na chokoleti hupita kama maji kwenye mfereji. Mwenye pete akitaka kuidanganya aweza kuketi tangu asubuhi hata jioni akinywa vitamu kidogo kidogo, na haba na haba hujaza kibaba. Uzito hurudi na pete ikiwa mahali pake. Wapo waliofanya hivyo. Dada yetu hakufanya. Kila alasiri watoto wake hunywa chai yenye sukari mbele yake, naye hunywa yake kavu. Twauliza basi: ni pete gani iliyomzuia asiitie chai yake sukari?

Katika miteremko ya mlima wetu wakulima huchimba makingamaji mashambani ili mvua isichukue udongo. Kingamaji hushika udongo, lakini halilimi wala halipandi. Mwaka likibomoka, shamba la mtu aliyekuwa akilima halifanani na shamba la mtu aliyelala akilitegemea kingamaji. Pete ni hivyo hivyo. Imezuia mporomoko, na nyuma ya kizuizi hicho mtu ama amelima ama hakulima.

Hata hivyo twaogopa kuliacha jibu hapa, maana litatupa kiburi sisi tusio na pete. Tutasema, "Naam, yeye alisaidiwa, na sisi twajizuia wenyewe." Je, ni kweli? Tumtazame yule ndugu yetu mwembamba ambaye humaliza nusu sahani ya pilau akasema ameshiba. Twamsifu kuwa ana kiasi. Lakini amejizuia na nini? Tumbo lake limemwambia basi, akasikia. Mwengine tumbo lake halisemi basi mpaka sahani ya tatu, na akipungua uzito kwa kujinyima, mwili wake humzidishia njaa ili uurudishe uzito uliopotea. Haya wameyathibitisha wataalamu wa mwili: hamu ya kula na shibe huongozwa na homoni zinazotoka tumboni, matumboni na katika mafuta ya mwili kwenda kwenye ubongo, na watu hawakugawiwa sawa. Basi yule mwembamba naye ana pete. Tofauti ni kwamba alizaliwa nayo, hakuilipia, wala haitateleza. Kumsifu yeye na kumlaumu dada yetu ni kumsifu mtu kwa riziki aliyopewa na kumlaumu mwengine kwa riziki aliyonyimwa.

Sisi twaona kwamba thamani ya kiasi hupimwa kwa yale mtu anayoyachagua ndani ya hali aliyopewa. Mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.) juu ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, yajulikana na kila mtoto wa madrasa. Hayakuuliza nani njaa yake ni kubwa na nani ni ndogo. Mwenye njaa kubwa akajitahidi, hata kama amefika nusu ya njia, huenda amesafiri zaidi ya yule aliyezaliwa karibu na mwisho wake. Na anayetafuta msaada ili afike, uwe wa pete au wa dawa hizi mpya za sindano zinazopunguza hamu ya chakula, hakutoka njiani kwa kuuomba.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo twalionea haya. Mwaka aliovishwa pete, dada huyu alikuja kwenye walima wa harusi ya mmoja wetu. Alipakuliwa sahani kama ya watu wote, pilau na nyama juu yake. Akala kidogo, akaiweka. Mama mwenye nyumba akamjia: "Mwanangu, mbona huli? Chakula changu kina nini?" Akajieleza kwa adabu. Haikukubaliwa. Mwengine akaongeza, "Kula bwana, usitutie aibu." Mwishowe akala kwa kuona haya. Dakika chache baadaye aliinuka akatoka nje, na kilichofuata hatukieleti hapa. Waliobaki ndani wakasema amejivuna. Baada ya miezi sita, alipokuwa amekonda, watu wale wale wakanong'onezana kwamba ana ugonjwa usiotajwa.

Hiyo ndiyo desturi yetu. Katika miji hii ya Mlima Kenya, kwa Waislamu na kwa jirani zetu pia, mwili mnene umehesabiwa dalili ya neema, na mume huonekana ametunza nyumba mke akinenepa. Mzazi aliyetoka kujifungua hulishwa njahi na uji kwa wingi, na hilo lina hekima yake, lakini wengi wetu huendelea kula kama wazazi miaka ishirini baada ya mtoto wa mwisho. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa kila wanawake watatu wa Kenya wenye umri wa kuzaa, mmoja alikuwa na uzito uliozidi, na eneo letu la Kati lilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia. Babu zetu waliokuwa wakipanda na kushuka mabonde kwa miguu walikula sana wakafanya kazi sana. Sisi twapanda matatu kutoka Majengo hadi sokoni, na sahani imebaki ile ile.

Israfu tumeihubiri mara nyingi katika kurasa hizi, tukiitaja katika mapambo, katika mahari na katika vyakula vya matanga. Lakini hatukuitaja israfu ya kumlazimisha mgeni. Twadhani ukarimu ni kujaza sahani, na kumbe kumshindilia mtu chakula asichokitaka ni kujitafutia sifa kwa tumbo lake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji amepona na mgeni ameumia.

Basi twamjibu dada yetu. Pete ikitolewa, utabaki na uliyoyalima: tonge ndogo, subira ya kutafuna, maji kwa wakati wake, chai isiyo na sukari, na masikio yaliyozoea kusikia neno basi. Njaa yaweza kurudi kwa nguvu, na hatukufichi. Ikirudi, usidhani kwamba imani yako imepungua. Rudi kwa daktari mapema, umuulize juu ya njia nyingine, wala usingoje mpaka magoti yakatae tena. Na Ramadhani ikija, muulize kwanza daktari juu ya funga, kwa kuwa mtu wa hali yako aweza kukosa maji mwilini upesi. Akikukataza, wewe ni mgonjwa aliyeruhusiwa, na ruhusa ni katika dini kama funga ilivyo katika dini. Akikuruhusu, yagawe maji yako kidogo kidogo tangu futari hadi daku, usiyachanganye na chakula, na kaimati uwaachie watoto.

Ama sisi wenziwe, tumekubaliana mambo matatu darsani. Kwanza, katika walima na aqiqa zetu kila mtu atajipakulia mwenyewe, na hapana atakayeulizwa mara ya pili kwa nini hakuongeza. Pili, hatutautaja mwili wa mtu, wala kwa kusifu wala kwa kusikitika, ila mwenyewe akianza. Tatu, siku dada yetu atakapokwenda kutolewa pete, mmoja wetu atafuatana naye, na wengine watapika nyumbani kwake chakula laini anachokiweza, kwa kiasi anachokisema yeye.

Haya ni machache, na mengine twayaachia wajuzi zaidi yetu. Lakini twaona ni afadhali darsa yenye maneno machache na mlango wazi kuliko darsa yenye hukumu nyingi ambayo mgonjwa aogopa kuingia. Twamuomba Mwenyezi Mungu amrahisishie dada yetu upasuaji wake, atusamehe tuliyoyasema nyuma ya mgongo wake, na atupe sote shibe inayojua mpaka wake. Amin.