Je, Chuma Kina Hatia? Fikra juu ya Kufufua Gari la Vita

Miongoni mwa maswali yanayofaa kujadiliwa na walimu na wanafunzi wa Kiswahili, yako yale ambayo hayatoki vitabuni bali hutoka barabarani, penye nyundo na mafuta machafu. Swali tunalolileta leo ni la namna hiyo. Tuchukulie kwamba fundi mmoja wa Buyenzi, hapa Bujumbura, amenunua lori la jeshi lililokwisha kuondolewa kazini na kuuzwa kama chuma chakavu. Injini yake imeganda, sakafu imeliwa na kutu, na mlango mmoja una matundu matatu ya risasi. Fundi huyo hana nia ya kulifanyia biashara. Anataka kulifufua kwa mapenzi yake tu, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, mpaka litembee tena. Je, afanyalo ni jambo jema, ni jambo baya, au ni jambo lisilo na wema wala ubaya?

Wengi watalijibu haraka kwamba huo ni mchezo wa mtu mzima, na kwamba mchezo hauna maadili ya kuchunguzwa. Sisi hatukubaliani nao, na tutajaribu kueleza kwa nini.

Maneno kwanza

Kabla ya kulijibu swali, yafaa tuyatazame maneno. Katika gereji za Buyenzi lori huitwa kamyo na vipuri huitwa pyesi, maneno yaliyotokana na Kifaransa. Mgeni kutoka Tanga au Unguja akiyasikia huweza kutabasamu, lakini akiliacha gari lake hapo litatengenezwa vile vile. Tofauti hizo ni za lahaja, nazo hazitutii wasiwasi. Linalostahili kupimwa ni kitenzi. Kutengeneza ni kukifanya kitu kitengenee, yaani kikae sawa. Kukarabati ni kukirudishia uimara kitu kilichochakaa. Kufufua ni neno zito zaidi, kwani asili yake ni kwa wafu. Tusemapo kwamba fundi “analifufua” lori, tunakiri bila ya kukusudia kwamba lori lile lilikuwa na namna fulani ya uhai. Na chenye uhai huwa na matendo, na matendo huulizwa. Lugha imekwisha kulifungua swali kabla yetu.

Je, ni kitu kile kile?

Plutarch, mwandishi wa Kiyunani wa zamani, anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa miaka mingi, wakiondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama merikebu ile ni ile ile au ni nyingine. Fundi wetu naye atakutana na ubishi huo. Akibadilisha pistoni, breki, nyaya, sakafu na magurudumu, je, lililobaki ni lori lile lile?

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika hatuna haja ya kwenda Athene kutafuta mfano. Meli iitwayo Liemba iliundwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha, ikavushwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha ikaletwa Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliitumia katika vita, na kwa muda ilibeba mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwaka huo huo. Mwezi wa Julai 1916, walipolazimika kuihama Kigoma, mafundi walizipaka injini grisi nzito, kisha wakaizamisha meli kwa mikono yao wenyewe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikatiwa za dizeli.

Jina si lile, bendera si ile, injini si zile. Hata hivyo hakuna mtu wa Kigoma wala wa Bujumbura ambaye angesema kwamba ni meli nyingine. Kwa nini? Kwa sababu umoja wa kitu hauko katika vipande vyake peke yake. Uko pia katika historia yake isiyokatika, na katika mikono iliyopokezana kukitunza. Wale walioipaka grisi kabla ya kuizamisha walikuwa tayari wamemwachia amana fundi wasiyemjua.

Kutoka hapo linafuata jambo ambalo fundi wa Buyenzi hawezi kulikwepa. Ikiwa lori lake ni lori lile lile hata baada ya kubadilishwa vipuri, basi na yaliyopita ya lori hilo ni yale yale. Hawezi kudai kwamba amepata gari la kale lenye sifa ya kale, huku akisema kwamba matendo yake ya kale hayamhusu. Urithi haugawanywi hivyo. Arithiye shamba hurithi na deni lake.

Chuma na mkono

Hapa wako watakaopinga: chuma ni chuma, hatia ni ya mkono. Neno hilo ni kweli. Hatia haiwi bila ya nia, na chuma hakina nia. Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani iliunda malori ya GMC ya magurudumu sita zaidi ya 500,000. Mwaka 1944, baada ya majeshi kushuka Ufaransa, malori ya aina hiyo yalipeleka mafuta, risasi na chakula usiku na mchana, na wengi wa madereva walikuwa Wamarekani weusi, ambao jeshi lao wenyewe liliwabagua. Lori lile lile liliweza kubeba mkate asubuhi na maiti jioni. Halikuchagua.

Lakini kutokuwa na hatia si kutokuwa na kitu. Chuma hakibebi hatia, hubeba kumbukumbu. Katika nchi yetu jambo hili si la nadharia. Mwaka 1972, katika maangamizi ambayo Warundi huyaita ikiza, watu wengi walikamatwa na kupakiwa katika malori, wakapelekwa wasikorudi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, katika eneo la Karusi, ikatangaza kwamba imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Tena, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, vilifuata vita vya miaka mingi vilivyoacha majeraha katika kila upande. Kwa hiyo uko uwezekano kwamba katika barabara ile ile ambamo fundi analiwasha lori lake kwa furaha, amekaa bibi ambaye mngurumo huo ulikuwa sauti ya mwisho aliyoisikia mumewe akiondoka nayo.

Wahenga walisema: Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ni kweli kwamba unyasi hauna sumu. Lakini mshtuko ni wa kweli, na mtu muungwana hamcheki aliyeshtuka wala hampungii unyasi usoni.

Iko methali nyingine ambayo aghalabu huletwa ili kuyafunga mazungumzo ya namna hii: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Walimu tunaifundisha kila mwaka, na yafaa tuifundishe kwa uangalifu. Methali hiyo ni tamu ikisemwa na mgonjwa mwenyewe, aliyeamua kuyaacha. Ikisemwa na asiyeugua, kumwambia aliyeugua, hugeuka kuwa amri ya kunyamaza. Fundi hana haki ya kumsamehe mtu kwa niaba ya jirani yake.

Matundu matatu

Sasa turudi kwenye ule mlango wenye matundu ya risasi, maana ndipo penye uamuzi mgumu. Fundi stadi anajua kuyaziba kwa kulehemu, kusawazisha na kupaka rangi hata jicho lisione. Ndiyo sifa ya kazi yake: kutengeneza bila ya kuacha alama. Je, ayazibe?

Tunaonelea kwamba katika lori hilo pana sehemu za aina mbili. Ziko zinazobeba uhai: breki, usukani, springi, ekseli, magurudumu. Hizo lazima zirudishwe katika uzima kamili, bila ya kuionea kutu huruma. Mpira wa breki uliooza hauwi mtakatifu kwa sababu ni wa zamani, na mtoto anayevuka barabara hana deni kwa historia. Na ziko zinazobeba ushahidi: mlango, bamba lenye namba, ubao wa nyuma uliochubuka. Hizo zizuiwe zisioze zaidi, lakini zisidanganye. Kipya kinyemi kingawa kidonda, walisema wazee. Rangi mpya juu ya matundu matatu ni kidonda kilichofanywa kinyemi.

Kwa rangi za kijeshi tunasema kinyume. Ajuaye kwamba rangi fulani huwatia watu hofu, kisha akaipaka kwa kuwa inapendeza, amegeuza hofu ya wenzake kuwa pambo. Tundu la risasi ni ushahidi wa lililotendeka. Rangi ya vita katika gari la starehe ni maigizo. Lipakwe rangi nyingine, na matundu yaachwe. Apitaye aone mambo mawili kwa pamoja: kwamba lilikuwa la vita, na kwamba si la vita tena.

Kubadili matumizi hakutoshi

Pengine mtu atasema kwamba lori likibeba matofali au mihogo, basi limekwisha kutakasika. Historia inatuonya. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza waliendesha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, katika Tanganyika. Walinunua matrekta yaliyobaki katika vita, mengine kutoka mbali kama Ufilipino, mengi yakiwa mabovu. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kwa maneno, jambo hilo lilikuwa zuri: silaha kuwa jembe. Kwa vitendo, ardhi ya Kongwa iligeuka ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua haikutosha, mitambo ikavunjika, na mradi ukafungwa baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Walibadilisha kazi ya chuma, lakini hawakubadilisha desturi ya vita: kuivamia nchi kwa nguvu bila ya kuwasikiliza wenyeji wake.

Kinyume chake ni mwezi wa Mei 2015, ambapo maelfu ya Warundi waliokimbia walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kando ya ziwa, na kipindupindu kikazuka. Ni Liemba iliyowachukua kwa awamu, mama na watoto wao, mpaka Kigoma. Meli iliyobeba mzinga ilibeba wakimbizi wa vurugu. Haikutakaswa na jina jipya la mwaka 1927. Ilitumika vizuri kwa sababu watu walioiendesha walikuwa wamewasikia waliokuwa wakilia ufukweni.

Starehe ya fundi

Limebaki swali la starehe. Marekani na Ulaya viko vyama vya watu wanaofufua magari ya vita kwa kujifurahisha. Kimoja cha Marekani kilianzishwa mwaka 1976. Mwanachama huagiza kipuri kwa posta. Katika Buyenzi hakuna posta ya namna hiyo. Fundi humimina mafuta katika silinda zilizoganda, akangoja siku kadhaa, akajaribu kuizungusha injini kwa mkono, asipoweza akamimina tena. Gasketi huikata mwenyewe. Bushi huipeleka kwa mkerezaji. Nyaya zilizotafunwa na panya huzifuata moja moja, akikumbuka kwamba umeme wa magari mengi ya jeshi ni wa volti 24 wala si 12.

Je, ni haki kutumia muda na fedha hivyo, katika mji ambao umeonja mara nyingi shida ya petroli? Jibu letu lina sharti. Ikiwa watoto wake wanalala na njaa ili lori lipate radiata, hiyo si starehe bali ni dhuluma. Lakini ikiwa haki za nyumbani zimetimizwa, kazi ifanywayo bila ya ujira ina elimu isiyopatikana katika kazi ya haraka ya mteja. Kijana anayemshikia taa hujifunza kwamba kitu kilichoharibika hakitupwi kabla ya kufahamika. Mafunzo hayo, katika mtaa uliojengwa na watu wa asili nyingi na ambao umebaki makazi ya watu mchanganyiko, si haba.

Hitimisho

Tunasema basi: chuma hakina hatia, lakini pia hakiwezi kutubu. Askari aliyeweka silaha chini aweza kuomba radhi, lori haliwezi. Kwa hiyo lile ambalo chuma hakiwezi kulisema, sharti lisemwe na anayekimiliki. Fundi aweza kulifufua lori lake na kulifurahia, ikiwa analifanya salama, ikiwa hafichi lilikotoka, na ikiwa yuko tayari kuizima injini siku jirani atakapomwambia kwamba hawezi kuvumilia sauti ile. Asiyekuwa tayari kuizima, hajamaliza kulitengeneza.

Tungependa walimu walipeleke swali hili madarasani kama mada ya mjadala, upande mmoja ukitetea kuziba matundu na upande wa pili kuyaacha. Wanafunzi watapata msamiati wa gereji, nao ni mwingi. Watapata pia nafasi ya kusema, kwa Kiswahili, mambo ambayo nyumbani mwao huenda hayajapata kusemwa kwa lugha yoyote.