Kura ya Darasani Isiwe Mchezo



Wengi wetu tunaosoma hapa chuoni tutakwenda kufundisha, na huenda mbali na vipindi vya dini tukapewa pia Historia na Elimu ya Siasa, somo lililomo katika mtaala wa sekondari ya chini ulioanza hapa Uganda mwaka 2020. Ni somo rahisi kuliua. Unaandika ubaoni mihimili mitatu ya dola, ngazi za mabaraza kutoka LC I hadi LC V, haki na wajibu wa raia, wanafunzi wananakili, kisha mtihani. Ndiyo maana walimu huulizana: tufanyeje ili somo livutie? Ni swali jema, lakini liko jingine linalolitangulia: je, ni halali kulifanya livutie bila kulifanya liwe la kweli?

Tuchukue mfano mmoja. Kwa mujibu wa sheria zetu za serikali za mitaa, baraza la kijiji ni wakazi wote waliofikia umri wa miaka 18. Mwaka 2018 wenyeviti wa LC I walichaguliwa kwa watu kupanga mstari hadharani, kila mmoja nyuma ya mgombea wake. Rais na wabunge huchaguliwa kwa kura ya siri. Mwalimu anaweza kuyasoma haya kwa dakika tano akaendelea. Au anaweza kuliachia darasa limchague kiranja wake mara mbili: kwanza kwa mstari, kisha kwa vikaratasi. Idadi ikitofautiana, hapo ndipo somo limeanza. Asiulize nani amehama, maana hiyo ni siri ya mtu. Aulize kwa nini mtu angehama.

Mmoja atasema mstari unazuia wizi, kwa kuwa kila mtu anahesabu kwa macho yake. Mwingine atasema: mgombea ni jirani yetu na baba anadaiwa naye, nitasimamaje nyuma ya mpinzani wake? Wote wawili wana hoja. Kusema kweli hadharani ni sifa ya muumini, lakini je, ni uadilifu kumweka mnyonge mahali ambapo kweli yake itamgharimu chakula? Darasa linalobishana hivi halisinzii.

Sasa tufikirie kwamba baada ya kura zote mbili, mwalimu anamtangaza kiranja aliyemtaka yeye tangu mwanzo. Somo lilivutia, watoto walicheka, lakini wamejifunza nini? Wamejifunza kwamba kura ni maigizo na mkubwa ana jibu lake mfukoni. Mwalimu aliyewachosha kwa daftari amewadhuru kidogo kuliko huyu, kwani yule hakuwaahidi kitu. Huyu aliwaomba rai yao kisha akaitupa. Hiyo ni khiyana, hata kama ni ya darasani.

Katika Uhud, Mtume (s.a.w.) aliona ni bora kubaki Madina. Wengi, hasa vijana, walitaka kutoka, naye akatoka. Waislamu wapatao 70 wakauawa. Ingekuwa sisi, tungesema: basi, hawa wasiulizwe tena. Lakini aya ya 159 ya Surat Aal Imran, inayohusishwa na vita hivyo, inamwelekeza awasamehe na aendelee kushauriana nao. Kumbe shura haifutwi kwa sababu walioshauriwa walikosea. Basi mwanafunzi aliyechagua kiranja mbovu aachwe aishi na chaguo lake hadi muhula uishe. Ndani ya muhula huo atajifunza zaidi ya yaliyomo kitabuni.

Wapo watakaosema tunafundisha utovu wa adabu, kwamba mtoto akizoea kuhoji darasani atamhoji na baba yake. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba kabla ya Badr, Hubab bin Mundhir aliuliza kwanza kama mahali pa kambi palichaguliwa kwa wahyi au ni rai ya kivita. Alipojua ni rai, akapendekeza pengine karibu na maji, na Mtume (s.a.w.) akakubali. Adabu yake haikuwa kunyamaza. Ilikuwa kujua swali lipi lina nafasi na kuliuliza vizuri. Hiyo inafundishika.

Kwa hiyo mwalimu asiahidi asichoweza kutoa. Aseme mapema: ada na ratiba haziko mikononi mwenu, lakini zamu za usafi na matumizi ya mchango wa darasa ni yenu, na mtakaloamua litatekelezwa. Dogo la kweli lina uzito kuliko bunge la kuigiza. Na asilitumie darasa kukipigia debe chama chake. Vijana waliolazimika kukaa na kumsikiliza ni amana, si mkutano wa hadhara.

Nasi tusiwangoje wanafunzi. Jumuiya yetu ina uongozi, ina michango, ina mikutano. Mwanachama akisimama kuuliza fedha za Ramadhani zimetumikaje, tunamsomea hesabu au tunamwambia analeta fitna? Jibu letu kwake ndilo somo la uraia tutakalokwenda nalo darasani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachunga waaminifu wa tuliokabidhiwa. Amin.