Karata mkononi, toba moyoni

KATIKA miji yetu sasa si ajabu kumuona kijana aliyezaliwa na kulelewa katika nyumba ya Kiislamu, akasomeshwa madrasa mpaka akahitimu, akiwa amechorwa tatuu. Wapo waliochora majina ya wapenzi wao, wapo waliochora nge na joka, na wapo ambao ndio nitakaowazungumzia leo, waliochora karata. Utaona ree nne zimepangwa mkononi kama upepeo, dado mbili shingoni, au moyo wa kopa unaowaka moto begani.

Mtindo huu haukuishia Dar es Salaam na Tanga. Umepanda milima ya Usambara. Simama Mombo pale abiria wanaposubiri gari za Soni na Lushoto, au nenda sokoni siku ya gulio, utawaona. Wengi ni vijana waliotoka vijijini kwao kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, kuuza duka au kushusha mizigo sokoni, na waliporudi nyumbani wakarudi na alama hizo.

Wanaporudi, maswali mawili huulizwa. La kwanza huulizwa na vijana wenyewe: kama mchoro ni mzuri na mimi sichezi kamari, kosa langu ni lipi? La pili huulizwa na wazee wa misikiti: huyu akitubu, udhu wake unaswihi? Tumuweke wapi katika safu? Maswali haya yanafanana na mepesi, lakini jibu baya kwa lolote kati yake linaweza kumpoteza mtu.

Tuanze na karata zenyewe. Si ngeni kwetu. Majina tunayoyatumia, yaani kopa, uru, pau, shupaza na hata turufu, asili yake ni Kireno, lugha ya watu waliotawala Mombasa mpaka ngome yao ilipoanguka mwaka 1698. Wazee wa pwani wamecheza wahedusitini barazani kwa miaka mingi bila ya kuwekeana hata senti. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu mchezo usio na dau: wapo waliouharamisha, na wapo waliouona kuwa ni makuruhu kwa sababu ya kupoteza wakati na kusahaulisha swala. Lakini pale pesa inapowekwa mezani, ikhtilafu imekwisha. Hiyo ni kamari, na Allah (s.w) katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, ameitaja pamoja na ulevi na ibada ya masanamu, akaamrisha iepukwe, akabainisha kwamba shetani huitumia kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na swala.

Sasa, michoro wanayochora vijana wetu haikutoka kwenye baraza la wazee. Imetoka kwenye poka, mchezo wa majumba ya kamari ya Marekani, ambao roho yake ni dau na kumlaghai mwenzako aamini kuwa una karata usizokuwa nazo. Ndugu yake wa karibu hapa kwetu ni karata tatu, ule mchezo wa stendi na magulio. Mchezeshaji anazo karata tatu, anazihamisha upesi upesi, na wewe unatakiwa uoneshe ile moja yenye picha. Wenzake wamesimama kwenye kundi kama wapita njia, wanacheza na "kushinda" mbele ya macho yako. Mkulima aliyeuza kabichi na viazi asubuhi anaweka noti moja, kisha nyingine, na jioni hana nauli ya kurudia kwake. Huo ni wizi uliovalishwa nguo ya mchezo. Ndio unaopambwa mkononi.

Kijana atasema: mimi napenda uzuri wa mchoro tu. Ni kweli kwamba michoro inatofautiana. Ipo iliyofanywa na fundi mwenye mashine na mkono uliotulia, kila shupaza imekaa mahali pake na kivuli chake. Na ipo iliyochorwa uani kwa sindano ya kushonea na wino wa kalamu, shupaza ikafanana na jani la muhogo, kopa ikawa kama kitunguu, na baada ya miaka michache yote ikageuka doa la buluu. Sindano hiyo ikipita kwa watu wawili watatu, inaweza kubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Wapo pia waliochagua picha kwenye simu bila kujua maana yake. Mchoro mmoja unaopendwa sana ni wa ree mbili nyeusi na nane mbili nyeusi. Inasimuliwa kuwa hizo ndizo karata alizokuwa ameshika mcheza kamari wa Marekani, Wild Bill Hickok, alipopigwa risasi kisogoni mezani mjini Deadwood, tarehe 2 Agosti 1876. Huko kwao zinaitwa karata za maiti. Kijana wa Kisambaa anazibeba mkononi akidhani ni karata za bahati.

Lakini tusidanganyane. Hata mchoro ungekuwa mzuri kuliko yote, hukumu haibadiliki. Katika hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (r.a) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, imetajwa laana kwa anayechora mwili na anayechorwa, na hadithi hiyo hiyo imetaja kutafuta uzuri kwa kubadilisha maumbile ya Allah. Maana yake, uzuri si udhuru. Hata kamari ya Waarabu wa zama za ujahilia ilikuwa na uzuri wake. Walikuwa wakipiga kura kwa mishale juu ya nyama ya ngamia, na washindi wakiwagawia masikini nyama hiyo na kujifaharisha kwa ukarimu. Qur'an katika Suratul Baqara, aya ya 219, haikukanusha kwamba mna manufaa humo. Ilisema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi fundi hodari wa tatuu hana hoja zaidi ya wale waliogawa nyama. Anayependa pambo, hina ipo kwa kina mama na mabinti, imehalalishwa, haichomi ngozi, na baada ya wiki chache inafutika yenyewe.

Kuna jambo jingine kubwa kuliko ngozi. Anayejichora ree na dado anasema kwa mwili wake kwamba maisha ni bahati, leo kupata, kesho kukosa, hakuna mwenye kupanga. Muislamu haamini hivyo. Sisi tunaamini qadar, kwamba riziki iko mikononi mwa Mwenye kuruzuku, na mja anatakiwa afanye kazi na kutawakali. Mkulima wa Mlalo au Bumbuli anayetengeneza matuta kwenye mteremko, akapanda na kusubiri mvua, naye hajui atavuna nini. Lakini hachezi kamari, kwa sababu amefanya kazi yake na amemuachia Allah yaliyobaki, na mavuno yake hayatokani na hasara ya jirani yake. Karata ya makaratasi mchezo ukiisha hutupwa. Aliyeichora kwenye ngozi amejifunga na itikadi hiyo hata akiwa amelala.

Na majuto huja kwa njia nyingi. Matangazo ya ajira za polisi yamekuwa yakiweka sharti kwamba muombaji asiwe na alama ya kuchorwa mwilini. Wapo vijana waliorudishwa mlangoni kwa sababu ya mchoro walioufanya wakiwa na miaka kumi na saba.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Tuje kwenye la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotuhukumu sisi tuliobaki.

Nimemfahamu kijana mmoja, sitamtaja wala kijiji chake, aliyerudi kutoka mjini na ree nne mkononi. Aliacha kamari, akaanza kuja swala ya alfajiri. Siku moja wakati wa kutawadha mzee mmoja akamwambia mbele ya watu kwamba maji hayapiti kwenye wino, kwa hiyo hana udhu wala swala. Kijana akawa anakuja na shati la mikono mirefu na kutawadhia nyumbani. Baadaye akaacha kuja. Alirudi kijiweni, ambako hakuna anayeuliza kuhusu mkono wake.

Mzee yule alikuwa na nia njema, lakini elimu haikuwa pamoja naye. Wino wa tatuu uko chini ya ngozi, si juu yake kama rangi ya kucha. Maji yanaifikia ngozi, na udhu unaswihi. Ni kweli kwamba katika vitabu vya madhehebu yetu ya Imam Shafi'i kuna maneno makali. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika sherehe ya Sahihi Muslim kwamba mahali palipochorwa panakuwa najisi kwa ile damu iliyochanganyika na rangi, na kwamba inapasa kuiondoa inapowezekana kwa matibabu. Lakini wanaonukuu hapo huishia njiani. Imam huyo huyo ameendelea kusema kwamba ikiwa kuiondoa kunahofiwa kuleta madhara, kama kupoteza kiungo au kuacha kovu baya mahali panapoonekana, si wajibu kuiondoa, na akitubu hana dhambi tena. Kwa kijana wa Lushoto, ambaye mashine za mionzi za kufutia ziko mbali naye na gharama yake haiwezi, kumwambia ajichune au ajichome ni kumtakia madhara ambayo sheria haikumtakia.

Tuna mfano mkubwa zaidi ya huo. Ibn Hajar katika Fat-hul Bari amenukuu mapokezi ya Qays bin Abi Hazim kwamba aliingia kwa Abu Bakr (r.a) na kumuona mkewe, Asma bint Umays (r.a), mikono yake ikiwa na mchoro. Imam Tabari akaeleza kwamba huenda ulifanywa kabla ya makatazo na ukabaki. Ni nani huyu Asma? Ni katika waliosilimu mwanzo, akahamia Uhabeshi na Jaafar (r.a), kisha akahamia Madina. Na Abu Bakr alipofariki, mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomuosha. Khalifa wa Mtume (s.a.w) aliusia aoshwe na mikono yenye mchoro, sisi tunaona taabu kusimama bega kwa bega na mwenye mchoro?

Wala hatuhitaji kwenda Madina tu. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe na Tanga waliletwa vibarua wengi kutoka kusini, miongoni mwao Wamakonde wenye nembo usoni walizochanjwa utotoni. Wapo waliosilimu, wakaswali na kuzikwa nasi. Nani aliwauliza kuhusu nyuso zao? Tulijua kwamba alama hizo ni za jana, na imani yao ni ya leo.

Sasa tazama safu zetu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeifanya kamari kuwa biashara yenye leseni, na simu imeiingiza mfukoni. Mwaka 2017 Simba na Yanga zote mbili zilivaa jina la kampuni ya kubeti kifuani. Jezi za namna hiyo zimeingia misikitini mwetu, zikasujudu mbele yetu, na watoto wakaenda nazo madrasa. Ni wangapi walikemewa? Jezi inavulika kwa sekunde mbili, tumeinyamazia. Mkono hauvuliki, tumeukemea.

Na yule anayebeti kwa siri kisha akawahi safu ya kwanza na kanzu nyeupe, asijione msafi kwa kuwa ngozi yake haina doa. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Burayda (r.a), Mtume (s.a.w) amemfananisha anayecheza mchezo wa dado na mtu aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Huo nao ni mchoro wa mkono, ila macho yetu hayauoni. Aliyeacha kamari akabaki na karata kwenye ngozi amesafika. Anayeendelea nayo ndiye mwenye kuchafuka, hata kama mkono wake ni mweupe.

Kwa hiyo nasema hivi. Kijana ambaye hajachora, asichore, na asidanganywe na ufundi. Aliyechora na kutubu aifiche alama yake, asijifaharishe nayo, na asiifunike kwa kuchora ua kubwa juu yake, kwa kuwa hilo ni kosa la pili. Akipata uwezo wa kuifuta bila madhara, aifute. Kabla ya hapo aswali, na asimuachie mtu yeyote amtoe msikitini. Katika Suratul Furqan, aya ya 70, Allah ameahidi kuyageuza maovu ya mwenye kutubu kuwa mema. Hakuweka sharti la ngozi.

Nanyi maimamu na wazee wa misikiti ya Lushoto na kwingineko, akija kijana mwenye karata mkononi, mpisheni kwenye birika na kwenye safu. Mwenye jambo la kumfundisha amfundishe faraghani, kwa upole. Kumrudisha mtu wa namna hiyo kwa matumaini kwamba atakuja tena siku nyingine ni kucheza kamari, na dau lake ni akhera ya mtu.

Wallahu a'lam.