Mtoto wa Bonelli na Jina la Kuazima

Hivi mwandishi akificha jina lake, anasema uongo? Swali hili limenikaa kichwani tangu mjomba alipolikuta daftari la hadithi yangu na kuona jina la chini si langu. "Unamwogopa nani, mpwa wangu?" Nikakosa jibu. Leo najaribu kumjibu, lakini kwa kupitia kwa Mtaliano mmoja.

Sergio Bonelli alizaliwa Milano mwaka 1932. Baba yake, Gian Luigi Bonelli, ndiye aliyembuni Tex, yule askari mpanda farasi wa Texas, ambaye alianza kutoka katika vitabu vya katuni mwaka 1948 kwa michoro ya Aurelio Galleppini. Mama yake, Tea, ndiye aliyeiendesha kampuni ya uchapishaji. Mwaka 1957 kijana akakabidhiwa usukani, hata miaka thelathini hajafika. Kumbe naye alitaka kuandika!

Sasa fikiria, ndugu msomaji. Bosi ni wewe. Jina la ukoo linauza. Ungefanyaje? Tuseme ukweli, wengi wetu tungeandika BONELLI kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha hadithi. Yeye akajiita Guido Nolitta. Kwa jina hilo akamleta Zagor mwaka 1961, mchoraji akiwa Gallieno Ferri, na Mister No mwaka 1975. Hakutaka kuchanganywa na mzee, basi.

Mjomba angesema huo ni woga. Mimi nakataa. Mtoto wa mtu maarufu hasomwi, anapimwa. Watu hushika futi kabla hawajafungua kitabu. Nolitta hakuwa na baba. Akiandika ovyo, kaandika ovyo yeye.

Ila hapa pana jambo siwezi kulifunika. Nani alikuwa na ubavu wa kumkatalia Nolitta? Sisi tukipeleka hadithi, mhariri anaitupa, tunarudi nyumbani kwa miguu. Nolitta alipopeleka yake, mwenye kampuni alikuwa Bonelli! Jina la kuazima lilimwondolea kivuli cha baba, halikumnyang'anya funguo za ofisi. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ni deni.

Alililipaje? Mtazame Mister No. Tex wa mzee ni shujaa kamili, risasi yake haipotei. Mister No, jina lake hasa Jerry Drake, ni Mmarekani aliyechoshwa na vita, anaishi Manaus kule Brazili miaka ya 1950, anarusha kandege kake kwa kubeba watalii. Analewa. Anakosea. Safari nyingine anaondoka mikono mitupu. Tena naye anatembea na jina la kupachikwa, eti kwa sababu ya ukaidi! Bonelli alikuwa mtu wa safari, Amazon aliiona kwa macho yake. Hicho hakurithi kwa mtu. Sidhani kama angethubutu kumwandika mlevi yule huku analinda heshima ya ukoo kwenye jalada.

Halafu kichekesho: mwaka 1976 Nolitta akaanza kuandika Tex pia. Mtoto kaingia chumba cha baba yake kwa mlango wa wageni. Baadaye kampuni yenyewe ikaitwa Sergio Bonelli Editore. Yaani jina la kweli akaliachia biashara, la kubuni akaliwekea hadithi. Alifariki mwaka 2011, na Zagor wake bado anasomwa, mwandishi Nolitta.

Kwa hiyo mjomba, umeniuliza namwogopa nani. Nakuogopa wewe. Ulikuwa umefika ukurasa wa tatu, unacheka peke yako pale barazani, nami nakuchungulia dirishani. Kisha ukautambua mwandiko wangu. Ukaacha kucheka, ukaomba kalamu nyekundu.