Kukata Tamaa na Binadamu na Njia ya Kurejesha Kuaminiana

Kukata tamaa na binadamu ni hali ya mtu kuamini kwamba wema umewatoka watu, kwamba kila anayemchekea ana lake moyoni, na kwamba salama yake ni kukaa nao mbali. Mafundisho ya Uislamu huihesabu hali hiyo kuwa maradhi ya moyo. Maradhi hayo yana sababu zinazojulikana, madhara yanayoonekana na tiba iliyoelezwa katika Qur'ani na Sunna. Kibiti na delta ya Rufiji, katika mkoa wa Pwani nchini Tanzania, ni mahali ambapo maradhi hayo yaliwapata watu wengi kwa wakati mmoja, na ambapo dalili za kupona nazo zimeonekana.

Swali la Malaika

Swali la kama binadamu ni wa kuaminiwa liliulizwa kabla binadamu hajaumbwa. Katika Suratul-Baqara, aya ya 30, Mwenyezi Mungu aliwajulisha Malaika kwamba ataweka khalifa katika ardhi. Malaika wakauliza itakuwaje awekwe humo kiumbe atakayefanya ufisadi na kumwaga damu. Jibu walilopewa halikukanusha kwamba damu itamwagika. Waliambiwa tu kuwa Mola wao anayajua wasiyoyajua. Ibn Kathir, katika tafsiri yake, anaeleza kwamba miongoni mwa yale wasiyoyajua ni kuwa katika kizazi hicho hicho watatokea manabii, wakweli, mashahidi na waja wema.

Suratut-Tin inakamilisha picha hiyo: binadamu ameumbwa kwa umbo lililo bora, kisha anaweza kushushwa chini kuliko walio chini, isipokuwa wale walioamini na kutenda mema. Kwa hiyo Muislamu hafundishwi kwamba watu wote ni wema. Anafundishwa kwamba ndani ya mtu mmoja uovu unawezekana na wema unawezekana, na kwamba mlango wa wema haufungwi hadi pumzi ya mwisho. Anayelijua hili tangu mwanzo huumia anapouona uovu wa watu, ila hashangai kiasi cha kupoteza mwelekeo.

Yaliyowapata watu wa Kibiti na Rufiji

Januari 2015 kituo cha polisi cha Ikwiriri kilivamiwa usiku, askari wawili wakauawa na silaha zikaporwa. Miaka miwili iliyofuata, katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala na raia wengine waliuawa mmoja baada ya mwingine, wengi wao kwa risasi na wengine wakiwa nyumbani kwao. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mara moja eneo la Mkengeni, Kibiti. Hadi katikati ya mwaka huo idadi ya waliouawa ilikuwa imepita 30. Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, na pikipiki zikapigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi.

Hofu ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja walikuwepo wauaji wasiojulikana, ambao huenda walikaa kijiji kimoja na waliowaua. Upande wa pili, zipo familia zilizosema kuwa ndugu zao walichukuliwa wakati wa operesheni za ulinzi na hawakurudi. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti Novemba 21, 2017. Na kwa kuwa baadhi ya watuhumiwa walihusishwa na itikadi kali, shaka iliingia hadi misikitini na madrasa. Kijana mwenye ndevu na kanzu fupi alitazamwa kwa jicho la pili, naye akawatazama waliomtazama kwa jicho hilo hilo.

Delta yenyewe haikaliki bila kuaminiana. Kutoka Nyamisati kwenda Salale, Mbwera, Kiongoroni au Mafia, mtu hukabidhi roho yake kwa nahodha na mzigo wake kwa baharia. Mkulima wa mpunga anayelala kwenye dungu shambani akilinda ndege na nguruwe humwachia jirani nyumba na watoto. Mgonjwa wa visiwani hafiki hospitali mpaka apatikane mwenye chombo atakayekubali kutoka usiku. Shaka inapoingia kati ya watu wanaoishi hivyo, husimamisha maisha. Faradhi za jamii nazo hudhoofika: mazishi hukosa wabebaji, Isha na Alfajiri hukosa safu, na mwenye kilio hukosa wa kumwitikia.

Jinsi imani kwa watu inavyopotea

Kupotea huko hupita hatua tatu. Ya kwanza ni dhuluma yenyewe: mtu ameuawa, ameibiwa au amesalitiwa. Hatua hii haina lawama kwa aliyedhulumiwa, na machungu yake ni haki yake. Nabii Yaaqub (A.S.) alilia hadi macho yake yakawa meupe, na Qur'ani haikumlaumu.

Hatua ya pili ni uvumi. Dhuluma ikitokea na mtendaji asijulikane, watu huanza kumtafuta kwa midomo. Suratul-Hujurat inaufunga mlango huu mara mbili. Aya ya 6 inaamuru habari ya mtu fasiki ichunguzwe, ili watu wasije wakawadhuru wengine kwa kutojua kisha wakajuta. Aya ya 12 inakataza dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Kijiji ambacho watu hutajana majina gizani hugeuka kuwa mahakama isiyo na shahidi, na hukumu zake humfikia asiye na hatia.

Hatua ya tatu ni kuwahukumu watu wote. Waswahili husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo yafaa kwa tenga la samaki, ila ikitumiwa kwa wanadamu hugongana na Qur'ani, inayorudia katika sura kadhaa kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Rufiji inao mfano mwingine wa hukumu ya namna hii. Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 walifika na mifugo yao katika bonde la Rufiji, na migogoro na wakulima ikafuata, ukiwemo ule uliowasha ghasia Ikwiriri mwaka 2012. Ng'ombe wa mtu mmoja akila mpunga, lawama ikahamia kwa kabila zima. Mkulima mmoja akifanya ukatili, lawama ikawapata wakulima wote.

Mtume Muhammad (S.A.W.) alitoa onyo zito kuhusu hatua hii. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira, alieleza kwamba mtu anayesema watu wameangamia, yeye ndiye aliyeangamia zaidi yao. Wanavyuoni wamefafanua kuwa makemeo hayo ni ya anayesema hivyo kwa kuwadharau watu na kujiona bora. Anayesema kwa huzuni, kwa ajili ya dini yake na ya watu wake, hayumo. Hapo ndipo ilipo hatari: mtu huanza kwa kuonewa, akamaliza kwa kiburi.

Msingi wa kurejea

Mfano mkuu wa kutokata tamaa na watu ni wa Mtume (S.A.W.) baada ya safari ya Taif. Alikwenda kuwaita katika dini, wakamkataa na kumpiga mawe. Katika hadithi ya Bibi Aisha iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Malaika wa milima alimjia na kumpa hiari ya kuwaangushia watu wa Makka, waliokuwa wamemkataa pia, milima miwili. Aliikataa, akataraji kwamba Mwenyezi Mungu atatoa migongoni mwao watu watakaomwabudu Yeye peke yake. Tumaini hilo halikutegemea sura ya watu waliokuwa mbele yake siku ile. Lilitegemea uwezo wa Muumba wao. Thaqif, kabila la Taif, walisilimu baadaye naye akiwa hai.

Hadithi ya muuaji wa watu 100, iliyomo pia katika Bukhari na Muslim, inaongeza jambo jingine. Mtu aliyeua 99 alimuuliza mchamungu kama ana toba, akaambiwa hana, naye akamuua akatimiza 100. Mwanachuoni ndiye aliyemwambia kuwa hakuna wa kumzuia na toba, akamwelekeza ahamie kwa watu wema. Kukatishwa tamaa kulizaa maiti mwingine, na elimu ikafungua njia. Hadithi hiyo pia haimwachi mtenda maovu abaki alipo: inamtaka aondoke kwenye mazingira yaliyomlea na kuingia kwa watu watakaomsaidia. Jamii inayotaka vijana wake waliopotoshwa warejee inatakiwa iwe na kundi la watu wema la kuwapokea.

Mafuriko ya 2024

Dalili za kupona zilionekana wakati wa maafa: Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika. Aprili 14 serikali ilitangaza kuwa watu 58 walikuwa wamefariki nchini tangu mwezi uanze kutokana na mvua na mafuriko, na Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika vibaya. Mashamba ya mpunga, mahindi na ufuta yalizama, na nyumba za Muhoro na vijiji vingine vya bondeni zikaingiwa na maji. Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika Mafia na pwani ya karibu.

Katika siku hizo mitumbwi ndiyo iliyotoa watu, vyakula na wagonjwa kwenye maji. Wenyeji wa sehemu za juu waliwapokea waliohama bondeni. Misaada ilitoka serikalini, Msalaba Mwekundu, taasisi za dini na kwa watu binafsi wa mikoa mingine, wengi wao wasio na ndugu hata mmoja Rufiji. Wapo waliolalamikia maji yaliyofunguliwa kutoka bwawa la Julius Nyerere, na wenye mamlaka wakatoa maelezo yao. Jambo hilo lilionesha jinsi taarifa za mapema na za wazi zilivyo sehemu ya kuaminiana kati ya raia na dola.

Suratul-Maida, aya ya 32, inaweka pamoja mizani mbili: anayeua nafsi moja bila haki ni kama ameua watu wote, na anayeihuisha ni kama amewahuisha watu wote. Aya hiyo imekuja mara baada ya kisa cha wana wawili wa Adam. Kwa mizani ya kwanza, yaliyotokea Kibiti yalikuwa msiba wa wanadamu wote. Kwa mizani ya pili, mvuvi aliyerudi majini kumchukua ajuza wa watu alibeba wanadamu wote katika mtumbwi wake. Anayekumbuka 2017 pekee na kuisahau 2024 hapimi kwa uadilifu, na anayekumbuka 2024 pekee huwadhulumu waliopoteza watu wao 2017.

Wajibu wa kila upande

Kurejesha kuaminiana kunahitaji matendo, na ya kwanza ni haki. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inaamuru waumini wasimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zao, wazazi na jamaa zao. Mjane wa mwenyekiti aliyeuawa na mama ambaye mwanawe hajulikani alipo wote wanastahili kusikilizwa na kujibiwa. Kabla ya utume, Mtume (S.A.W.) alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, ambapo Makuraishi waliapa kumsaidia aliyedhulumiwa yeyote. Aliyasifu mapatano hayo hata baada ya Uislamu, ingawa walioyafunga hawakuwa Waislamu. Hilo linatoa ruhusa ya wazi kwa Waislamu wa Kibiti kushirikiana na jirani wa dini yoyote katika kuzuia dhuluma.

La pili ni tahadhari. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa muumini haumwi mara mbili katika shimo moja, na akamwelekeza mwenye ngamia amfunge kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kumjua mgeni aliyehamia kijijini, kujua kinachosomeshwa katika madrasa ya mtaa, na kutoa taarifa ya uhalifu kwa ushahidi ni katika tahadhari hiyo. Kumzushia mtu kwa sababu ya ugomvi wa shamba ni dhuluma mpya.

La tatu ni kuchanganyika. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, muumini anayechanganyika na watu na kuvumilia maudhi yao ametajwa kuwa bora kuliko asiyechanganyika nao. Kujitenga huhifadhi shaka, na kukaa pamoja katika mazishi, harusi, maulidi na vikao vya kijiji huipunguza. Suluhu ya mkulima na mfugaji nayo inapatikana kikaoni, fidia ikilipwa na mipaka ikiheshimiwa.

La nne ni shukrani. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Wema usiotajwa husahaulika upesi, na watoto wanaosikia habari za maovu pekee hukua wakiamini kuwa hakuna kingine.

La tano ni amana, na ndilo linalobeba yote. Katika hadithi ya Hudhaifa iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba amana itaondoka mioyoni, hadi ifike wakati watu wafanye biashara bila kupatikana wa kuitekeleza, na isemwe tu kwamba katika ukoo fulani yumo mtu mmoja mwaminifu. Kuaminiana kulikopotea hurejea kupitia watu kama huyo mmoja: muuza duka asiyepunja mizani, nahodha anayefikisha mzigo mzima, mtendaji anayegawa msaada wa mafuriko bila upendeleo, askari asiyemgusa asiye na kosa, shahidi asemaye alichokiona tu. Kila mmoja wao akitimiza amana yake, anawapa jirani zake sababu ya kweli ya kuwaamini tena watu.