Deni la Mgeni

Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tunaitamka kwa bashasha mgeni anapopiga hodi, na aghalabu tunaishia hapo. Hatuulizi baadaye, mgeni akishakuwa mtu wa nyumbani, ni nani hasa aliyepona, na kama aliyepona zaidi alilipa. Swali hili nataka kulitazama kwa kisa cha nyumba moja ya Japani, kwani nyumba ile inalifafanua kuliko maneno matupu.

Mgeni mwenyewe ni Lafcadio Hearn. Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, Ugiriki. Mama yake alikuwa Mgiriki na baba yake daktari wa jeshi la Uingereza, mwenye asili ya Ireland. Alilelewa Dublin, akapofuka jicho la kushoto akiwa na umri wa miaka 16, kisha akahamia Marekani akawa mwandishi wa magazeti. Aliwasili Japani mwaka 1890, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa akifundisha Kiingereza katika mji wa Matsue, kando ya ziwa Shinji. Mshahara wake ulikuwa yen 100 kwa mwezi, fedha nyingi kwa mji ule.

Mwanzoni mwa 1891 aliingia nyumbani mwake Koizumi Setsu, binti wa umri wa miaka 23. Jamaa zake walikuwa samurai, watu wa upanga waliokuwa wakilishwa na watawala wao, hadi mabadiliko ya enzi ya Meiji, yaliyoanza 1868, yalipowaondolea posho na daraja. Setsu alifuma nguo tangu utotoni ili jamaa zake wapate kula. Basi walikutana mgeni asiye na kwao na mwenyeji asiye na kitu. Wakawa mume na mke.

Asubuhi Hearn alikwenda skuli kufundisha lugha iliyokuwa ikimlipa. Jioni alirudi, akavua nguo za kizungu, akavaa kimono, akaketi juu ya mkeka. Na Kiingereza chake hapo hakikumfaa kitu. Humo ndani mwalimu aligeuka mwanafunzi, tena mwanafunzi mzito. Kijapani chake hakikukamilika hata alipofariki. Yeye na mkewe walijitungia lugha yao, maneno ya Kijapani yasiyo na viunganishi wala minyambuliko ya vitenzi, mithili ya mtu asemaye Kiswahili bila ya ngeli. Jamaa waliita lugha hiyo maneno ya Bwana Hearn. Kwa lugha hiyo waliagizana chakula, wakagombana, wakapatana, wakalea watoto wanne.

Mwishoni mwa 1891 walihamia Kumamoto kwa mshahara wa yen 200. Nyumba ikajaa: wazazi walezi wa Setsu, babu yake na watumishi, wote wakitazama mkono wa mwalimu. Hearn hakulalamika kuwalisha. Mwaka 1896 akafanya kubwa zaidi. Ili mkewe na watoto wapate kumrithi kwa mujibu wa sheria, aliacha kuwa raia wa Uingereza, akaingia katika ukoo wa mkewe na kuitwa Koizumi Yakumo. Yakumo maana yake ni mawingu manane, neno litokalo katika utenzi wa kale wa Izumo, jimbo la Matsue. Alijua kwamba mwalimu wa kigeni hulipwa zaidi ya mwenyeji, na kwamba uraia mpya ungeweza kumpunguzia riziki. Hata hivyo, aliingia.

Mintarafu ya chakula, malazi na jina, mgeni huyu hadaiwi. Lakini liko deni la tatu, nalo ndilo gumu.

Usiku ulipotulia Setsu alipunguza utambi wa taa, akaanza kusimulia hadithi za mizimu na maajabu. Sisi tuliokulia kwenye paukwa na pakawa tunaijua saa hiyo, saa ambayo giza humsaidia msimulizi. Hearn alisikiliza akiwa ameshika pumzi, uso ukimpauka, akauliza tena na tena: mlango ulilia vipi? Sauti ile ilisemaje hasa? Yeye hakuweza kuvisoma vitabu vya kale vya Kijapani. Setsu ndiye aliyezunguka katika maduka ya vitabu vikuukuu, akavisoma, kisha akavisimulia. Tena alikatazwa kusimulia huku akitazama kitabu. Mumewe alitaka maneno yake mwenyewe, fikra zake mwenyewe.

Kutokana na usiku kama huo kilizaliwa Kwaidan, kitabu cha visa vya ajabu kilichotoka Aprili 1904, miezi michache kabla ya Hearn kufariki tarehe 26 Septemba. Ukikifungua, soma dibaji. Mwandishi anavitaja vitabu vya kale alimochota hadithi nyingi. Anamtaja pia mkulima mmoja wa Chofu, katika jimbo la Musashi, aliyemsimulia kisa cha mwanamke wa theluji. Mkewe hamtaji.

Na liko jambo jingine. Hearn alimfundisha mwanawe mkubwa, Kazuo, Kiingereza kila siku, akimwandikia herufi kubwa kwa brashi juu ya magazeti ya zamani. Setsu naye alianza. Lipo daftari lake alimoandika maneno ya Kiingereza kwa herufi za Kijapani. Masomo hayo hayakufika mbali. Setsu alisimulia kwamba siku moja alisikitika kuwa hakupata elimu ya juu. Mumewe akamshika mkono, akamwonesha rafu ya vitabu alivyoandika, akamuuliza vimezaliwa kwa fadhila ya nani, akamwambia kwamba lau angekuwa msomi angezidharau hadithi za mizimu. Ni maneno ya mapenzi, sina shaka. Lakini ndani yake mna mtu anayeambiwa abaki alivyo kwa sababu alivyo kunamfaa mwenziwe.

Msomaji wa pwani atanijibu: pengine ni stara. Mwanamume muungwana hatangazi jina la mkewe mbele ya wageni. Jibu hili nalipa uzito, kwani stara si kitu kidogo. Ila stara husitiri mtu pamoja na mali yake. Hapa mali ilipelekwa sokoni na mwenyewe akaachwa ndani. Wala haikulazimu jina. Yangetosha maneno mawili: mke wangu. Mwingine atasema kwamba hadithi ya kale haina mwenyewe, hivyo msimulizi hadai kitu. Lau ni hivyo, mkulima wa Chofu alitajwa kwa nini? Kwa kumtaja yule, Hearn alikiri kwamba msimulizi ana haki, na kwa kukiri akajihukumu mwenyewe.

Simwiti mwizi. Aliyetoa uraia wake kwa ajili ya nyumba si mwizi. Nasema tu kwamba alidhani shukrani iliyotamkwa mbele ya rafu, watu wawili peke yao, inatosha kulipia kitabu kilichosomwa na maelfu. Haitoshi. Deni hulipwa pale faida inapopatikana. Faida ya chumbani hulipwa chumbani kwa wema na huruma. Faida ya hadharani hulipwa hadharani.

Setsu aliishi hadi 1932. Kumbukumbu zake alizosimulia kuhusu mumewe zilichapishwa 1914, na ndizo zinazotuwezesha leo kuijua ile taa iliyopunguzwa utambi. Mwaka 2025 shirika la utangazaji la NHK lilianza kuonesha tamthilia ya kila asubuhi iliyotokana na maisha yake. Aliyekosekana katika dibaji akawa ndiye kisa chenyewe. Ni malipo, ila yamelipwa na wengine, tena mwenye haki hayupo kuyapokea.

Nasi je? Visiwani humu wapo wengi wanaoketi miguuni pa bibi zao na kalamu mkononi, wakikusanya hadithi, vitendawili na nyimbo za harusi. Bibi hudai nini? Hadai. Hucheka, husema "andika mjukuu wangu," kisha hurudi jikoni. Kwa kuwa hadai, ni wepesi kuamini kwamba hatudaiwi. Kabla ya kitabu kwenda mtambo wa chapa, na turudi kwenye ukurasa wa kwanza tutazame kama yumo. Kama hayumo, nafasi ya mstari mmoja haikosekani, na yeye bado yu hai kuusomewa.